Chickamauga 1863: ni kweli karatasi moja ndiyo iliyowaangusha Kaskazini?

Nondo77
Wakuu, salaam. Kila ninaposoma kuhusu Chickamauga, pigano la vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kati ya Kaskazini na Kusini (Georgia, 19 na 20 Septemba 1863), nakuta maelezo yaleyale: Rosecrans, mkuu wa jeshi la Kaskazini, alimtumia Wood, kamanda wa divisheni yake moja, amri mbovu, Wood akaitii, mstari ukaacha pengo, Longstreet wa Kusini akapenya. Mimi hesabu hainijii. Jeshi la watu kama 60,000 linavunjikaje kwa sababu brigedi mbili (vipande vya divisheni) zimehama? Na Wood, mhitimu wa chuo cha kijeshi cha West Point, kwa nini asiende kuuliza kwanza wakati makao ya Rosecrans hayakuwa mbali?

Kisiki cha Mvule
Mkuu, anza na maneno ya amri yenyewe. Ilitoka saa 4:45 asubuhi, ikimtaka Wood asogee upesi hadi akaribiane na Reynolds, kamanda wa divisheni nyingine, na amuunge mkono. Kwa lugha ya jeshi la wakati ule hayo ni mambo mawili yanayopingana. Kukaribiana ni kubaki kwenye mstari, ubavu kwa ubavu. Kuunga mkono ni kwenda kusimama nyuma ya mwenzako. Na katikati ya Wood na Reynolds ilikuwapo divisheni nzima ya Brannan! Wood angekaribiana na Reynolds kwa kupita wapi?

Kosa lilianzia hapa: Kapteni Kellogg, mpambe wa Thomas (jenerali aliyeshika upande wa kushoto wa Kaskazini), alipita nyuma ya mstari akaripoti kwamba kando ya Reynolds hapana mtu. Brannan alikuwapo, ila amejikita ndani ya miti, nyuma kidogo. Msitu ule ulikuwa mnene kiasi kwamba brigedi nzima ilijificha bila kukusudia. Rosecrans hakutuma mtu kuhakiki. Mnadhimu wake mkuu, Garfield (ndiye yule aliyekuja kuwa rais), alikuwa ameshikwa na kuandika amri nyingine, hivyo hii ikaandikwa na Meja Bond. Garfield ndiye aliyekuwa akifuatilia nani yuko wapi. Bond alikiandika alichoambiwa.

Kuhusu Wood kuuliza: aliuliza kidogo. Alimwambia mleta amri, Luteni Kanali Starling, kwamba Brannan yupo mahali pake. Starling alieleza baadaye kwamba alimjibu basi amri haina kazi. Wood akashikilia kuwa amri ni ya lazima, akaanza kuondoa watu. Wengi husimulia kwamba asubuhi hiyo alikuwa amefokewa na Rosecrans kwa uzembe, akaapa kutii neno kwa neno. Hapo chumvi imezidi, lakini hata bila kufokewa mtu anayeambiwa “upesi” hafungi safari ya kwenda makao makuu na kurudi.

Pwani_Kuu
Kisiki uko sawa kuhusu karatasi, ila umelichukulia pengo kana kwamba lenyewe ndilo maafa. Pengo la takriban mita 400 linazibika ukiwa na akiba nyuma yake. Swali ni akiba ilikwenda wapi.

Bragg, mkuu wa jeshi la Kusini, alitaka kuanzia upande wake wa kulia, azunguke ubavu wa kushoto wa Thomas na kukata barabara ya kwenda Chattanooga, mji uliokuwa nyuma ya Kaskazini. Shambulio lilipangwa alfajiri chini ya Polk, mkuu wa bawa la kulia la Kusini. D. H. Hill, jenerali wa chini yake, hakupata amri kwa wakati, likaanza saa 3:30. Brigedi mbili za Breckinridge, pia wa Kusini, zikafika kabisa pembeni ya Thomas. Tangu hapo, na hata kabla, Thomas aliomba msaada bila kukoma, na Rosecrans akampelekea kipande baada ya kipande cha jeshi lake: watu wa Negley, kisha wa Van Cleve, kisha brigedi mbili za Sheridan. Lengo halikuwa baya, maana barabara ikipotea jeshi limekwisha. Ubaya ni kwamba alivihamisha vikosi hivyo vyote mchana, adui akiwa mbele, kwa njia za nyuma ya mstari. Wood mwenyewe alikuwa pale kuchukua nafasi ya Negley. Longstreet alipogonga, saa 5:10 hivi, Davis, kamanda mwingine wa Kaskazini, alikuwa anasogea kuziba nafasi ya Wood na Sheridan alikuwa njiani kwenda kushoto. Kikosi kilicho kwenye mwendo hakina mstari wala uwanja wa kufyatulia risasi. Ndiyo maana walivunjika kwa dakika chache.

Upande wa pili, uamuzi wa Longstreet ndio ulioligeuza pengo kuwa mpasuko. Alifika kwa Bragg kama saa 5 usiku wa tarehe 19, akapewa bawa zima la kushoto asilolijua. Badala ya kutandaza watu, alizipanga brigedi 8 kwa kina mbele ya shamba la Brotherton: divisheni ya Bushrod Johnson mbele, ya Hood nyuma yake, kisha Kershaw na Humphreys. Safu ya kwanza ikichoka, ya pili inapita. Kwa bahati, ilielekezwa palepale Wood alipotoka. Kwa maoni yangu hata Wood angebaki, na brigedi zake mbili na ile ya Barnes iliyokuwa naye, angesukumwa. Tofauti ni kwamba angewachelewesha, na wenzake wangepata muda wa kugeuka.

Nondo77
Hapo nimeelewa. Basi kwa nini Kusini hawakumaliza kazi? Rosecrans na majenerali wake McCook na Crittenden wote walishaelekea Chattanooga kabla ya jioni.

Kisiki cha Mvule
Sababu ni kilima cha Snodgrass na risasi. Thomas alikusanya masalia pale, lakini magari ya risasi yalikuwa yameondoka na waliokimbia. Askari alibeba risasi 40 hadi 60. Kikosi cha 21 cha Ohio, chenye bunduki za Colt za kuzunguka, kilimaliza risasi 43,550, wastani wa 80 hivi kwa kila mtu. Granger, mkuu wa akiba huko nyuma, alisikia mizinga akaenda bila kuagizwa, akafika mchana na brigedi mbili za Steedman na risasi 95,000. Bila hizo kilima kingeshikiliwa kwa singe tu. Mkiwahesabu makamanda waliovunja utaratibu kwa faida, Granger awe wa kwanza.

Pwani_Kuu
Sababu nyingine ya Kusini kutomaliza kazi ni Bragg mwenyewe. Saa 9 alasiri Longstreet alimwomba vikosi kutoka bawa la kulia. Bragg akakataa, akisema kule hakuna aliyebaki na nguvu ya kupigana. Mpango wake wa kulia ulikuwa umefeli, na ushindi wa kushoto haukuwa kwenye ramani yake, hivyo hakuutambua. Thomas akaondoka jioni kwa mpangilio hadi Rossville. Siku iliyofuata Forrest, mkuu wa wapanda farasi wa Kusini, alisisitiza wafukuzwe mara moja, lakini jeshi halikusogea kwa nguvu. Kusini walikuwa wamepoteza watu 18,454, Kaskazini 16,170. Bragg aliizingira Chattanooga, Rosecrans akaondolewa Oktoba na Thomas akachukua jeshi, na tarehe 25 Novemba jeshi hilohilo likapanda mgongo wa mlima wa Missionary Ridge na kumtimua Bragg.