Naomba ushauri: koki zisizoonyesha madoa ya maji ya chumvi

Habari zenu wakuu. Niko Dodoma, namalizia nyumba, sasa nimefika kwenye koki za jikoni na bafuni. Maji ya huku yana chumvichumvi. Yakikauka yanaacha madoa meupe, na kromu ile inayong'aa kama kioo ndiyo inayoyaanika yote.

Muuza duka ananisukumia nyeusi isiyong'aa. Ni nzuri, alama za vidole hazionekani sana, lakini chokaa nyeupe juu ya weusi si itaonekana hata ukiwa mlangoni? Moyo wangu uko kwenye nikeli ile yenye mikwaruzo midogo midogo ya makusudi, maana ukijivu wake unakaribiana na doa lenyewe. Bei sasa!

Mliozitumia muda mrefu, nikeli hiyo inadumu au inababuka? Na usafi je? Hapa nilipopanga nafuta kwa kitambaa kikavu. Gamba likigoma nafunika kwa kitambaa chenye siki na maji dakika chache, kisha nasuuza. Siki ikikaa sana naogopa italamba rangi. Waya wa kusugulia masufuria nimeupiga marufuku. Pale kwenye kitako cha koki, ambapo maji hutuama, nyie mnafanyaje?