Tupeane uzoefu: kamera ya dijitali ya zamani haisomi kwenye laptopu mpya, ulifanyaje?

Mleta mada
Wakuu, habari za jioni. Hizi kamera ndogo za miaka ya 2000 zimerudi kwa kasi, vijana wanazisaka kwenye mitumba. Kasheshe inaanza ukifika nyumbani: sidii ya draiva (programu ya kuifanya kompyuta iitambue kamera) imeandikwa Windows 98, Me, 2000 na XP, na laptopu yenyewe haina hata pa kuingizia sidii. Hiyo XP Microsoft waliacha kuihudumia Aprili 2014. Aliyewahi kufufua kamera ya namna hii atupe njia aliyopita.

Naanza na yangu, Canon EOS 300D, toleo la 2003. Ukiichomeka kwenye Windows 10 ya biti 64, kimya. Tiba haikuwa draiva. Kwenye menyu ya kamera kuna kipengele cha Communication, kilikuwa Normal. Nilipokipeleka PTP, picha zikaonekana. PTP ni utaratibu wa kuhamisha picha unaotumiwa na kamera za kampuni nyingi, na Windows inao ndani tangu enzi za XP. Draiva ya biti 32, kama za enzi hizo, haiingii kwenye Windows ya biti 64, hata ubofye mpaka kesho.

Dada wa Pasipoti Saizi
Mkuu, unajitesa bure. Chomoa kadi, weka kwenye kadi rida, kazi imeisha. Mimi napiga picha za pasipoti kila siku na kebo sijui hata iliko.

Cha kuchunga ni kadi yenyewe. SDHC, yaani kadi za SD za zaidi ya GB 2 hadi GB 32, zilikuja 2006, kwa hiyo kamera za kabla ya hapo nyingi haziwezi kuzisoma. Unaweka ya GB 32, kamera inalalamika kadi mbovu, nawe unamrudia aliyekuuzia kwa shari. Inataka SD ya kawaida isiyozidi GB 2, na uiformati humo humo kwenye kamera. Madukani ni adimu siku hizi. Yangu ni microSD iliyokuwa kwenye simu ya batani ya mama, nikaivalisha adapta. Inapiga mzigo mpaka leo.

Yakhe wa Ng'ambo
Sawa dada, na sisi wenye kadi za xD, zile za Olympus za zamani, je? Kadi rida za siku hizi hazina tundu lake.

Fundi Simu
@Yakhe, hapo kebo haikwepeki. Olympus nyingi ukizichomeka zinajitokeza kama flashi ya USB tu, hazidai draiva. Mtihani ni kichwa cha kebo: Olympus nyingi zinatumia CB-USB6 ya pini 12, Nikon Coolpix nyingi zinatumia UC-E6 ya pini 8. Kwa macho ya haraka utadhani ndizo zile ndogo za kawaida. Nenda dukani na kamera mkononi, na ukiona muuzaji analazimisha kichwa kiingie, mnyang'anye. Nimeshaletewa kamera nzima kabisa ila pini zimelala kwa sababu hiyo.

Mtu wa Ubuntu
Kuna kesi ambayo kadi rida haisaidii: picha ziko kwenye memori ya ndani. Mzee wangu alikuwa na kamera hiyo, ina picha za harusi ya shangazi kule Tanga. Draiva yake ilishafutwa kwenye tovuti ya kampuni. Niliweka Ubuntu, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, kwenye flashi, nikaiwasha laptopu kupitia hiyo flashi bila kugusa Windows, nikaweka gPhoto2, programu ya kuvuta picha kutoka kwenye kamera. Unaandika `gphoto2 --auto-detect`; ukiona jina la kamera, unamalizia na `gphoto2 --get-all-files`. Inajua kamera zaidi ya 2,000. Asiyependa kuandika amri atumie digiKam, chini yake ni gPhoto hiyo hiyo.

Na tafadhali, msishushe draiva kwenye zile tovuti za bure bure. Binamu yangu alitaka draiva akaletewa matangazo ya kamari kila akifungua kivinjari.

Dada wa Pasipoti Saizi
@Mtu wa Ubuntu, hapo nakubali, kadi rida yangu haifui dafu.

Mama Wawili
Yangu kila nikibadili betri inaanza upya na tarehe ya kiwandani. Picha za watoto zote zina siku moja!

Fundi Simu
@Mama Wawili, betri ya saa imekufa. Nyingine ni kidonge unachobadilisha mwenyewe, 300D ya mleta mada inatumia CR2016. Nyingine imeungwa ndani, hiyo ni ya kufungua. Picha zilizokwisha kupigwa zirekebishe kwa programu ya ExifTool, inasogeza tarehe za folda nzima kwa mkupuo.

Msomaji Kimya
Nimerithi Sony Mavica, ile inayohifadhi picha kwenye diski za flopi. Nitupe?

Mleta mada
Usitupe! Tafuta kisoma flopi cha USB, Windows inakitambua bila draiva. Diski ni za kawaida, MB 1.44, na picha ni JPEG. Ila zinakili upesi, diski za umri huo zinakufa bila taarifa.