Naombeni ushauri: geji ya pili ya joto kwenye Prado 1KZ, sensa ikae wapi?

Mpanda Kitonga
Wakuu heshima zenu. Nina Prado KZJ95, injini 1KZ-TE. Nataka kufunga geji ya ziada ya joto, ile ya namba, maana mshale wa dashibodi siuamini tena. Sensa ikae kwenye mpira wa juu wa rejeta au kwenye injini yenyewe? Ijumaa napandisha mlima Kitonga kwenda Iringa na familia yote. Usingizi sipati.

Spana12
Mpira wa juu ndio rahisi. Pima kipenyo cha ndani cha mpira kwa venia (rula ya taya ya kupimia vipenyo), kisha nunua adapta, kile kipande cha bomba chenye tundu la sensa, ya kipimo hichohicho. 34, 36 na 38 mm kwa macho zinafanana, usikisie. Injini iwe baridi, mwaga lita tatu hivi kwa koki ya chini, kata sehemu iliyonyooka, mbali na feni. Klipu zikaze tena injini ikishapata moto na kupoa mara ya kwanza.

Sensa ya waya mmoja hupata athi (njia ya umeme kurudi betri) kupitia mwili wake, na adapta katikati ya mpira haigusi chuma chochote. Vuta waya wa athi kutoka kwenye adapta hadi kwenye bloku, mwili wa injini. Utepe mwingi wa tefloni kwenye uzi wa skrubu wa sensa nao unazuia athi, na athi ikiwa dhaifu geji inasoma chini ya joto halisi. Umeme uchukue kwenye waya unaowaka kwa ufunguo, weka fyuzi ndogo, na waya upite mbali na turbo.

Kabla ya kufunga, tumbukiza sensa kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Hapo Dar isome karibu na 100.

Dizeli Tupu
Watu wananunua geji huku rejeta imejaa maji ya bomba! Hedi ya 1KZ, ile sehemu ya juu inayofunika silinda, ni alumini, inaliwa na kutu taratibu. Kulanti nusu, maji ya betri nusu (yale yaliyosafishwa, si asidi). Anza na hilo kwanza.

Bi Rejeta
Mpanda Kitonga, kwa nini mshale huuamini? Maji yanapungua?

Mpanda Kitonga
Yanapungua kidogo tu dada. Naomba turudi kwenye sensa.

Bi Rejeta
Kidogo ni kiasi gani, na yanavujia wapi?

Mpanda Kitonga
Lita moja na nusu kwa siku mbili. Chini pakavu kabisa. Wiki iliyopita kwenye foleni ilichemsha, mvuke ukatoka, mshale uko katikati. Fundi akaitoa thermostati, ile valvu inayofungulia maji kwenda rejeta injini ikipata moto, ili maji yazunguke bila kizuizi. Adapta nimeshanunua, kwa hiyo habari ya kufunga au kutofunga imeshapita.

Kata Ngebe
Hii chai. Injini ichemshe hadi mvuke, mshale utulie katikati? Huyu muuza geji, subirini namba ya simu tu.

Mpanda Kitonga
Sina cha kuuza mkuu. Nimeeleza kilichotokea.

Spana12
Kata Ngebe, inawezekana kabisa. Mshale wa Toyota nyingi umetengenezwa utulie katikati kwenye eneo pana la joto, kuanzia 75 hivi hadi kupita 100, dereva asihangaike na kila mtikisiko. Ukianza kupanda, umeshachelewa. Pia sensa inapima kile kinachoigusa. Maji yakiisha inabaki hewani, na mshale unaweza hata kushuka wakati hedi inaungua.

Geji mpya kwenye mpira wa juu ina udhaifu huohuo. Ndiyo maana kwa gari linalopoteza maji mimi napendelea sensa ya pete, inayobanwa chini ya bolti ya kawaida kwenye hedi, kama ile ya sikio la kunyanyulia injini. Bolti za hedi yenyewe usiziguse. Hiyo inasoma chuma, maji yawepo yasiwepo. Tambarare tegemea 82 hadi 92, mlimani 96 au 98. Kengele iweke 102.

Dizeli Tupu
Thermostati irudishwe. Aina zenye diski ya pili chini, ukiitoa, njia ya mzunguko mfupi inabaki wazi: maji mengine yanarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Na mfuniko wa rejeta ukiwa mchovu hakuna presha. Kwenye mita 1,500 maji yanachemka kwenye 95 hivi.

Mpanda Kitonga
Fundi wangu anazijua hizi gari. Nitabeba madumu mawili ya maji, na geji itanionya.

Bi Rejeta
Itakuonya hedi ikiwa imeshapasuka, na 1KZ inajulikana kwa hilo. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha, minya mpira wa juu. Ukiwa laini, washa na uushike dakika moja. Ukikakamaa upesi hivyo, maji bado baridi, ni gesi ya silinda inayoingia kwenye maji.

Mpanda Kitonga
Saa 12 asubuhi. Sijawasha. Mpira mgumu kama jiwe tangu jana jioni.

Bi Rejeta
Injini imepoa usiku kucha na presha bado ipo: hiyo ni gesi ya silinda. Funika mfuniko wa rejeta kwa kitambaa, uzungushe hatua ya kwanza tu, presha itoke. Usiwashe tena. Hedi ifunguliwe, ipelekwe kupimwa nyufa kwa presha na unyoofu kwa rula ya chuma, kabla ya kununua gasketi. Adapta uitunze, itafungwa siku injini inarudi. Familia ipande basi Ijumaa.