Tuzo za majengo mwaka huu 2022 na darasa letu lenye nyuzi 38

Mwiko_Singida
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwashi, niko vijijini huku Singida, mwaka wa ishirini na moja sasa nashika mwiko. Naomba mawazo yenu, na walionizidi shule wasinicheke.

Mwezi Machi binti yangu alinionyesha kwenye simu kwamba Francis Kéré, mzaliwa wa Gando kule Burkina Faso, amepewa Pritzker. Hiyo ndiyo tuzo wasanifu majengo wanayoihesabu kuwa kubwa kuliko zote, imeanza 1979, na Mwafrika hakuwahi kuigusa. Kilichonishika zaidi ni kwamba mwenzetu alianzia kwenye useremala. Ndio uliompeleka Ujerumani 1985. Na jengo lililomtoa si ghorofa, ni shule ya msingi ya kijijini kwao, 2001: tofali za udongo na saruji kidogo, wanakijiji wakibeba mawe wenyewe.

Sasa mimi nipo kwenye kamati ya ujenzi ya shule yetu. Tukishavuna tunaanza vyumba viwili. Vilivyopo ni bloku na bati, dari hakuna. Novemba nilichukua kipimajoto cha vifaranga vyangu nikakitundika kwenye msumari wa ubaoni, darasa la nne. Saa nane mchana kilisoma 38. Vifaranga wenyewe, wiki ya kwanza nawawekea 33.

Swali: tukifyatua tofali za udongo kama za Gando, joto litapungua? Mwenyekiti wa kamati hataki kusikia, anasema wazazi wataona tumewarudisha kwenye tembe. Na mimi nina kidonda changu. 2014 nilijenga ghala la tofali za udongo, masika moja tu kuta zikaanza kulika miguuni kama kipande cha sabuni.

Mchoraji_Mwanafunzi
Shikamoo mzee. Nasoma usanifu majengo hapa Dar, mwaka wa nne. Unauangalia ukuta wakati dawa ya ile shule ipo juu.

Pale Gando kuta zimefungwa na mkanda wa zege, juu yake kuna dari ya tofali zilizopangwa zikiachiana nafasi ya hewa kupenya. Bati haligusi dari. Limenyanyuliwa kwa kenchi za nondo zilizochomelewa, katikati pamebaki pengo wazi. Jua linachoma bati, bati linachoma hewa ya kwenye pengo, upepo unaifagia. Hewa ya moto ya darasani nayo inapanda, inapita kwenye dari, inaondoka. Tofali za udongo zinasaidia, ila ukiziweka chini ya bati tupu kama lenu utaendelea kuwapika watoto.

Hata Uingereza mwaka huu mambo ni hayo hayo. Tuzo ya Stirling, ile ya jengo bora la mwaka kule kwao, imechukuliwa na maktaba mpya ya Magdalene College, Cambridge, kazi ya Níall McLaughlin. Ukiiona kwa nje utadhani ina majiko kumi, dohani zimesimama safu kwa safu. Kazi yake kubwa ni kutoa hewa iliyochoka.

Kuhusu ghala: upenu wa bati ulikuwa futi ngapi?

Mwiko_Singida
Marahaba mwanangu. Futi moja. Na msingi niliuishia usawa wa ardhi, matone ya bati yakawa yanarukia ukutani. Umenikamata. Miaka minane nausingizia udongo.

Upepo_wa_Lodwar
Niongeze kutoka upande wa Kenya. Kéré ana kazi yake huku kwetu Turkana, Startup Lions Campus, chuo cha vijana cha kompyuta, kando ya ziwa, ilikamilika mwaka jana. Nimeingia mle mara mbili. Kuta ni za mawe yaliyochimbwa hapa hapa, kwa hivyo ukimfuata Kéré usidhani umeapa kiapo cha udongo. Angalia nini kipo karibu nawe.

Kinachokuvuta macho ni minara mirefu, mfano wa vichuguu. Hewa ya moto inatokea huko juu, ya baridi inaingilia matundu yaliyo chini karibu na sakafu. Ukisimama karibu na hayo matundu unaihisi kwa vifundo vya miguu. Wengi wetu tunaweka madirisha katikati ya ukuta tu, halafu tunashangaa hewa haitembei.

Babu_wa_Maskati
Asalaam alaykum. Mimi Mzanzibari, naishi Oman miaka mingi. Tuzo ya Aga Khan, nayo ya usanifu majengo, mwaka huu ilitolewa hapa hapa Maskati, mwisho wa Oktoba. Miradi sita imegawana dola milioni moja. Huyo Kéré wenu aliipata 2004 kwa skuli hiyo ya Gando. Safari hii alikuwa upande wa majaji.

Kati ya hiyo sita ipo skuli ya sekondari ya Kamanar, mji wa Thionck Essyl, Senegal. Madarasa ni matao ya udongo, yamekaa chini ya miti. Mwenyekiti wenu muonyeshe picha kwanza, neno "udongo" lije baadaye. Na kwa kuwa umesifu useremala: kule Tripoli ya Lebanon, nyumba ya wageni iliyochorwa na Niemeyer, msanifu wa Brazil, imekarabatiwa ikawa karakana ya mbao. Mimi hiyo ndiyo ningeipa pesa zote, lakini sikuulizwa.

Mchoraji_Mwanafunzi
Mzee, tahadhari moja. Singida upepo wenu naujua. Bati lililonyanyuliwa ni tanga la jahazi. Nondo za kenchi zizame ndani ya zege la linta, ule mkanda wa juu ya kuta, wakati wa kumwaga, usije ukazifungia kwa misumari baadaye. Na mhandisi wa halmashauri apitishe mchoro kabla hamjachimba msingi.

Mwiko_Singida
Wakuu, nimerudi. Jumamosi nilijaribia kwenye banda la kuku. Nimeling'oa bati, nimelipandisha futi moja na nusu kwa vipande vya nondo, chini yake nimetandaza dari ya mabua ya mtama. Saa nane mchana banda la jirani, bati tupu, lilisoma 37. Langu 32. Nikamwita mwenyekiti, nikamwingiza huku, nikamwingiza kule, sikusema kitu. Akauliza fundi wa kuchomelea anataka shilingi ngapi kwa kenchi moja.

Ila usiku wa kwanza tu popo wameshahamia kwenye pengo. Wa Lodwar, kule kwenu hayo matundu ya juu wameyaziba na nini? Wavu wa kuku ninao, naogopa matundu yake ni makubwa.