Naomba ushauri: biashara ya vitunguu huku nanyonyesha

Habari wadau. Msimu wa vitunguu Ruaha Mbuyuni ndiyo huu, na mwanangu ana miezi 7. Mzigo huu haununuliki kwa simu: shingo za vitunguu (pale majani yanapoanzia) zikiwa bado mbichi, gunia linaoza katikati kabla ya kufika soko la Ilala, Dar, kwa hiyo lazima nikae kule siku tatu nne hadi vikauke.

Shida ni maziwa. Yakikamuliwa hukaa saa 4 kwenye joto la kawaida, na jua la kule si la kawaida; kwenye friji siku 4. Nisipokamua kila baada ya saa 3 hivi, matiti yanajaa na maziwa yanapungua.

Nimwachie bibi yake akiba ya friza na uji, au niende naye na dada wa kazi? Mliokaa gesti na mtoto, maji ya kuchemsha na chandarua mlijipangaje?