Mijusi wekundu wa kwenye mawe na joto hili la Mwanza: niwawekee maji?

Mama Kulwa, Bugarika

Mwangaluka ndugu zangu. Nina swali, ila kwanza niwaeleze ninapokaa.

Nyumba yangu iko Bugarika juu kabisa, kule ambako bodaboda inakushusha halafu unamalizia kwa miguu. Ukuta wa nyuma umepakana na jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani, kwa hiyo kutwa nzima macho yangu yako kwenye lile jiwe. Oktoba hii imetuwakia kweli. Vuli bado. Mawingu yanajikusanya upande wa ziwani, tunasema leo inanyesha, halafu yanatawanyika. Jana saa nane mchana simu iliandika nyuzi 31, lakini simu haijui habari za bati langu na jiwe langu. Saa nne usiku ukiegemea ukuta wa nyuma utadhani umeegemea jiko la mkaa lililozimwa sasa hivi. Watoto wangu mapacha, Kulwa na Doto, wana miaka saba, wanalala sakafuni na khanga iliyoloweshwa.

Kwenye lile jiwe wanaishi mijusi. Mnawajua: dume kuanzia kichwani mpaka mabegani ni mwekundu wa waridi, kuanzia hapo kwenda nyuma ni bluu ya sweta la shule. Majike wana rangi ya jiwe, usipowazoea huwaoni. Siku za kawaida wanatoka saa mbili, wanaota jua, wanakimbizana, wanaokota sisimizi mpaka mchana. Wiki hizi mbili ikifika saa nne jiwe ni tupu, wote wameingia kwenye ufa. Na juzi dume mmoja alishuka mpaka barazani, akaja karibu kabisa na mguu wa cherehani, pale ninapomwaga maji sakafu ipoe. Akatulia kwenye ule unyevu, mdomo wazi, mbavu zinapanda na kushuka. Niliacha kukanyaga pedali nisimshtue. Gauni la watu la harusi ya Jumamosi likasubiri.

Jirani akatokea na fagio. Akasema huyo ana sumu, akikugusa unatoka mabaka. Watoto kusikia hivyo wakaokota mawe. Nikasimama katikati. Sikuwa na hoja ya kumjibu jirani, niliona tu kwamba kiumbe aliyekuja kutafuta kivuli kwako hapigwi.

Wenye kujua nisaidieni. Wana sumu au hawana? Joto hili linaweza kuwaua? Nikiwawekea maji kwenye kifuniko cha ndoo nitakuwa nimetenda wema, au nitakuwa nimewaita nyoka kwenye nyumba yenye watoto?

Na swali la Doto, lilinishinda: kwa nini makorongo wa pale soko la samaki Mwaloni wana miguu myeupe kama waliopakwa chokaa?

Babu wa Luchelele

Mwangaluka mwanangu, na hongera kwa kusimama katikati.

Nimeongoza wageni kisiwani Saanane miaka mingi, tangu ilipokuwa bustani ya wanyama, kabla haijawa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Mjusi huyo nimemshika kwa mikono hii mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Hana sumu. Ukimbana sana atakuuma kidole kujitetea, basi. Mabaka ya jirani yako yana sababu nyingine, mwambie aende kwa daktari wa ngozi.

Jambo ambalo watu wa Mwanza wengi hawalijui ni kwamba mjusi huyo ana jina la mji wetu. Wataalamu wanamwita Agama mwanzae, na jina hilo alipewa mwaka 1923. Watu wanapanda ndege kuja kumpiga picha, sisi tunamfuata na fagio!

Kuhusu joto. Mjusi hatoi jasho. Mwili wake unafuata joto la mahali alipo, kwa hiyo kazi yake ya kutwa ni kuchagua mahali. Asubuhi anataka jiwe lenye jua ili apate nguvu ya kukimbia. Likizidi, anahamia kivulini, na likizidi zaidi anaingia ufani. Ule mdomo wazi uliouona ni mwili unatoa joto kwa pumzi, kama mbwa anavyohema. Huyo wako alikosa ufa, labda dume mwenye jiwe alimfukuza. Ukiwatazama asubuhi utamwona mkubwa akipiga kichwa juu chini, juu chini. Anawaambia wenzake kwamba jiwe hili lina mwenyewe. Na ukimwona dume amepauka ghafla, ujue ameogopa au ameshindwa.

Maji wanapata kwa wadudu wanaowala. Hayo ya kifuniko wakiyakuta watakunywa, wasipoyakuta hawatakufa. Kinachowamaliza si Oktoba. Ni kokoto. Mtu anakoka moto juu ya jiwe mpaka lipasuke, anagonga nyundo, anauza kwa ndoo. Simlaumu, ana watoto wa kulisha kama wewe. Lakini kila ufa unaopotea ni nyumba ya mijusi, na ya pimbi pia. Kama jiwe lako bado zima, umeshawapa kubwa kuliko maji. Pimbi wako wapo?

Muuza dagaa, Kirumba

Shoga, la Doto nalijibu mimi, maana hao makorongo ndio ninaoshinda nao hapa Mwaloni.

Miguu yao si myeupe. Ni myeusi. Jua likiwa kali wanajinyea miguuni. Kabisa, siongezi chumvi. Yale majimaji yanapokauka yanaondoka na joto la mwili, na inayobaki ni hiyo chokaa. Ni kile kile unachofanya wewe na sakafu ya baraza. Ukiwaona asubuhi ya mvua miguu imetoka rangi yake, utadhani ni ndege wengine.

Watu wanawachukia kwa sura na harufu. Mimi nawatetea. Matumbo ya samaki tunayoyatupa hapa, wasingekuwa wao tungekaa wapi na joto hili? Mwambie Doto pia ule mfuko wa shingoni si wa kuwekea chakula, una hewa tu.

Baba Neema, Nyegezi

Mama Kulwa, hapo kwenye nyoka usipachukulie kirahisi. Babu amesema kweli yote ila hilo amelipita.

Mimi niliweka beseni la maji ya ndege nje ya mlango wa jikoni, mwaka juzi wakati wa kiangazi. Ndani ya siku chache wakaja vyura. Wiki ya pili usiku mke wangu anatoka kuchota mkaa, akakuta nyoka amejilaza kando ya beseni. Hakumgusa, Mungu ni mwema, lakini mpaka leo hatoki gizani bila tochi. Nyoka hakufuata maji. Alifuata vyura.

Kwa hiyo weka, ila mbali na mlango na mbali na ukuta, tena juu ya jiwe, si chini. Asubuhi jaza, magharibi mwaga. Usiyalaze. Hata mbu hawatapata pa kutagia. Na mabaki ya vitambaa usiyarundike kona ya baraza, panya anajenga humo, na panya naye ana mgeni wake.

Wa dagaa, Igombe

Dada yangu, mimi wa usiku ziwani, nijibu la joto la ndani. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka, unashuka kutoka milimani kwenda majini. Sisi kwenye mtumbwi tunausikia mgongoni. Kwa hiyo mchana fungua dirisha la upande wa ziwa, usiku fungua la upande wa mlima, hata kama ni dogo. Na ukuta wa nyuma umwagie maji jua likishazama, si saa nane, saa nane unapoteza ndoo bure.

Angalizo: mwezi ukiandama, wale wadudu wa ziwani huwa wanapanda juu ya maji kama moshi wa gari moshi. Ukiona moshi huo unakuja upande wenu, funga kila kitu na uzime taa mapema.

Mama Kulwa, Bugarika

Babu, shikamoo. Ndugu zangu wote asanteni. Nimechelewa kurudi kwa sababu ya lile gauni, limekwenda Ijumaa usiku.

Jirani nilimsomea maneno ya Babu, neno kwa neno, mpaka pale pa jina la Mwanza. Alinyamaza, akaniuliza mara mbili kama kweli ni Mwanza hii hii. Fagio ameliweka. Habari ya kokoto, Babu, imenigusa pabaya: kuna kijana alishakuja kuniomba nimwachie jiwe, tugawane fedha. Nilikuwa sijamjibu. Jana nimemjibu, nikampa na namba ya mama mmoja anayetafuta kibarua wa kubeba mchanga.

Pimbi wapo, familia nzima, upande wa juu wa jiwe. Mchana wanakaa kivulini wamebanana, mmoja amesimama analinda. Mwewe akipita anapiga ukelele, wote wanapotea. Mchicha wangu wameumaliza, nimesamehe.

Kifuniko nimekiweka juu ya jiwe kama Baba Neema alivyosema, hatua kumi na mbili kutoka mlangoni, Kulwa ndiye aliyepima. Siku ya kwanza hakuja mjusi hata mmoja. Walikuja nyuki. Watatu wakazama, na Doto akalia sana. Akauliza kwa nini tusiwawekee mahali pa kukanyaga. Tukaokota changarawe, tukazipanga ndani mpaka vichwa vyake vikatokeza juu ya maji. Tangu hapo hajazama hata mmoja, na jana saa kumi na moja jioni jike mmoja wa mjusi alikuja, akalamba maji mara nne. Kulwa alihesabu.

Dirisha la upande wa mlima lilikuwa limepigiliwa misumari tangu tuhamie. Nimeling'oa. Watoto wamerudi kulala kitandani.