Tupeane uzoefu: programa yako ya kwanza ya kuchomea chipu uliitengenezaje?

Mleta mada

Wakuu, salamu.

Wengi tunaoanza elektroniki tunaishia kwenye ubao wa Arduino: tunawasha LED, tunasoma kitufe, basi. Hatua inayofuata, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayofungua macho, ni kujitengenezea programa, yaani kifaa cha kuingiza programu kwenye chipu tupu. Ukiwa nacho, chipu yenye miguu minane tu kama ATtiny85 unaifanyisha kazi bila ubao wowote. Uzi huu ni wa kupeana uzoefu: ulianza na programa ipi, uliiungaje, na iligoma wapi.

Naanza mimi. Yangu ilikuwa Uno (ubao wa Arduino) iliyogeuzwa programa. Kwenye mifano inayokuja na Arduino IDE kuna moja inaitwa ArduinoISP. Unaipakia kwenye Uno, halafu unatoa waya: mguu 11 wa Uno uende MOSI ya chipu (data inayoingia), 12 uende MISO (data inayotoka), 13 uende SCK (mapigo ya saa), na 10 uende RESET (riseti). Ongeza 5V na GND (upande hasi wa umeme), jumla waya sita. Kwenye ATmega328P, hizo nne za mwanzo ni miguu 17, 18, 19 na 1, ukihesabu kuanzia upande wenye kikato. Umeme unaingia mguu wa 7 na 8, lakini kuna AVCC (20, umeme wa upande wa analogi) na GND ya pili (22), nazo ziungwe. Kapasita ya nF 100 ikae jirani kabisa na miguu ya umeme, siyo kule mwisho wa bredibodi, na rezista ya kilo-om 10 itoke RESET kwenda 5V.

Kuna kapasita nyingine ambayo wengi wanaiona ni ushirikina: ya mikrofaradi 10, kati ya RESET na GND ya Uno yenyewe, chanya ikiwa upande wa RESET. Sababu yake ni hii. Kila kompyuta inapofungua poti, Uno hujiriseti, na kwa muda mfupi anayejibu ni butiloda ya Uno (programu ndogo inayopokea programu mpya), siyo ArduinoISP. Kapasita inazuia hiyo riseti. Iweke baada ya kupakia ArduinoISP. Ikiwepo kabla, Uno haitapokea kitu.

Kisha niliandika amri ya avrdude, programu ya kompyuta inayozungumza na programa:

avrdude -c stk500v1 -p m328p -P /dev/ttyACM0 -b 19200

Ikarudisha 0x1e950f, ambayo ni saini (namba ya utambulisho) ya ATmega328P. Nilifurahi kuliko siku LED ilipowaka. Ukiona 0x000000 au 0xffffff, achana na mipangilio ya kompyuta, rudi kwenye waya.

Karibuni.

WayaMwekundu

Mkuu umenikumbusha mbali. Sisi wa zamani tulianza na poti ya printa, ile ya miguu 25. Kebo, rezista chache za kulinda poti, na kiunganishi upande wa pili, kazi imeisha. Hakuna chipu ndani, kwa sababu kompyuta yenyewe ndiyo iliyokuwa inapandisha na kushusha kila mguu. Baadaye nikaongeza 74HC244 katikati ili kebo ndefu isilete vurugu. Raha yake ilikuwa moja: hukuhitaji programa nyingine ili kuipata ya kwanza. Leo poti hizo zimetoweka, na adapta za USB kwenda printa hazifai kwa kazi hii maana hazikupi ruhusa ya kugusa mguu mmoja mmoja.

Kristali12

Hapo kwenye "programa nyingine ili kuipata ya kwanza" ndipo penye kisa changu. Nilitaka USBasp, ile programa ya USB aliyoibuni Thomas Fischl, kwa kuwa mchoro wake ni mwepesi: ATmega8, kristali ya MHz 12, rezista na daiodi za zena. ATmega8 hiyo haina USB ndani yake. Programu ndiyo inayoigiza USB. Sasa, ATmega8 mpya ni tupu. Nani ataichoma? Nikatumia Uno kama ya mleta mada mara moja tu, kisha USBasp ikaendelea na maisha yake.

Kilichonisumbua ni zena. Njia za data za USB, D+ na D-, lazima zishushwe kutoka volti 5, na mchoro unaonyesha zena za volti 3.6. Nilizopata mwanzo zilikuwa za wati 1, na kompyuta ikawa inasema kifaa hakitambuliki. Nilipoweka ndogo za nusu wati, ikatambulika papo hapo. Zile kubwa zinabana mawimbi ya USB kupita kiasi. Ukinunua zena kwa kuangalia namba ya volti peke yake, hili halionekani.

Mguu wa Nne

Mimi ni mtu wa PIC (familia nyingine ya chipu). PIC16F84A, programa aina ya JDM, inayojilisha umeme kutoka poti ya siriali. Chipu hii inataka karibu volti 13 kwenye mguu wa MCLR (riseti yake) ili iingie hali ya kuchomwa. Kompyuta ya mezani ilizitoa vizuri. Laptopu haikufika: nilipima kwa mita nikakuta pungufu, na hakuna ujanja wa programu unaoongeza volti. Adapta ya USB kwenda siriali nayo ni bure, kwa sababu JDM inachezesha miguu ya poti mmoja mmoja na kila mchezo unasubiri zamu yake kwenye USB.

Ushauri wangu kwa anayeanza leo: ukitaka PIC, usianze na JDM hata kama mchoro wake unavutia kwa udogo.

Chipu Mfu

Jina langu linajieleza. Nilipewa ATmega328P iliyotolewa kwenye mradi wa mtu, haijibu chochote. Nikabadilisha waya, nikabadilisha bredibodi, bado 0x000000. Kumbe fyuzi zake (mipangilio inayobaki ndani ya chipu hata umeme ukizimwa) zilikuwa zimewekwa itumie kristali ya nje, na mimi nimeichomeka bila kristali. Chipu isiyo na saa haisikii.

Dawa: nilichukua ubao mwingine wa Arduino, nikaipanga Taima 1 itoe mapigo ya MHz 1 kwenye mguu 9 (OCR1A, namba ya kikomo cha taima, ikiwa 7), nikayapeleka XTAL1 ya chipu (mlango wa saa ya nje), yaani mguu wake wa 9. GND zote pamoja. Ikafufuka kwa jaribio la kwanza, nikarudisha fyuzi kwenye saa ya ndani.

Ila angalizo: aliyezima RESET kwa fyuzi ya RSTDISBL, dawa hii haimsaidii. Huyo anahitaji programa ya volti 12.

Kristali12

Nakazia kwa Chipu Mfu. Saa inahusika hata kwenye chipu mpya. ATmega328P kutoka kiwandani inakimbia MHz 1, kwa sababu ile 8 ya ndani inagawanywa kwa 8. SCK lazima iwe chini ya robo ya hapo. ArduinoISP imeliona hilo, inatembea kama kHz 166. Lakini ukiwa na USBasp na saini inakuja mara moja moja, weka -B 10 (inapunguza kasi ya SCK) kwenye avrdude kabla hujalaumu waya.

Nane051

Kuna mtu wa 8051 (familia ya zamani ya chipu) humu? AT89S52 nayo inachomwa kwa MOSI, MISO na SCK, miguu 6, 7 na 8, ila RST yake (mguu 9) inafanya kazi ikiwa juu, kinyume na AVR (familia ya ATmega na ATtiny). Na haina saa ya ndani kabisa, kwa hiyo bila kristali usitegemee jibu. AT89C51 ya zamani haina njia hii, usihangaike nayo.

WayaMwekundu

ATtiny mpya zinazochomwa kwa njia ya UPDI zimerahisisha mambo mpaka naona wivu. Waya mmoja wa data. Adapta ya USB-siriali, TX (ya kutuma) ipite kwenye rezista ya kilo-om 1, iungane na RX (ya kupokea), hapo hapo iende mguu wa UPDI. Avrdude kuanzia toleo la 7 inaielewa kwa -c serialupdi.

Mgeni Kabisa

Wakuu, nimefuata post ya kwanza mguu kwa mguu. Inanipa 0x1e9514 na inakataa kuendelea. Niweke -F kulazimisha?

Mleta mada

Usilazimishe, mkuu. Waya zako ziko sawa. Hiyo ni ATmega328 isiyo na P. Soma maandishi juu ya chipu, kisha weka -p m328 badala ya m328p.